Ardhi ya bure iliyokuwa na wenyewe: Marekani ilivyoenea hadi Magharibi katika karne ya 19

Tarehe 20 Mei 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, Rais Abraham Lincoln wa Marekani alitia saini sheria ya makazi iliyoahidi kugawa ardhi kwa wananchi wa kawaida. Kila mkuu wa familia, au mtu aliyetimiza umri wa miaka 21, angeweza kupewa ekari 160, sawa na hektari 65 hivi. Alitakiwa awe raia, au mhamiaji aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, na asiwe amewahi kuinua silaha dhidi ya serikali. Gharama zote za uandikishaji zilikuwa dola 18. Mwombaji alijenga nyumba, akalima, akakaa hapo miaka 5, kisha akakabidhiwa hatimiliki.

Kwa mkulima wa Ujerumani au Norway ambaye babu na baba yake walikuwa wapangaji tu katika mashamba ya matajiri, habari hizo zilikuwa kama ndoto. Hata hivyo, serikali haiwezi kugawa kitu isichokuwa nacho. Kabla ya ardhi hiyo kuitwa ya bure, ilibidi kwanza itoke mikononi mwa watu walioishi juu yake kwa karne nyingi. Je, ilitokaje?

Jibu la haraka ni kwamba ilichukuliwa kwa mtutu wa bunduki. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya habari. Mara nyingi bunduki ilitanguliwa na karatasi, au karatasi ilifuata nyuma yake: mkataba, ramani na hati. Bila kuzielewa karatasi hizo ni vigumu kuelewa jinsi nchi iliyoanza kama ukanda wa majimbo 13 kando ya bahari ya Atlantiki ilivyofika Pasifiki katika muda usiozidi miaka 70, na kwa nini kesi za ardhi hiyo zingali zinasikilizwa mahakamani hadi leo.

Marekani ilinunua nini mwaka 1803?

Hatua kubwa ya kwanza ilikuwa ununuzi wa Louisiana. Mwaka 1803 Ufaransa chini ya Napoleon Bonaparte iliiuzia Marekani eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, kutoka mto Mississippi hadi milima ya Rocky, kwa dola milioni 15. Ukubwa wa Marekani uliongezeka maradufu kwa mkupuo mmoja.

Napoleon hakuuza kwa hiari tupu. Jeshi alilolipeleka katika kisiwa cha Saint-Domingue kuwarudisha utumwani watu weusi waliojikomboa lilisambaratishwa na wapiganaji hao pamoja na homa ya manjano. Tarehe 1 Januari 1804 nchi hiyo ilitangaza uhuru kwa jina la Haiti. Baada ya kupoteza koloni lililokuwa kitovu cha mipango yake katika bara la Amerika, Napoleon hakuona tena faida ya kuishikilia Louisiana. Ushindi wa watu weusi wa Haiti kwa njia hiyo ukawafungulia mlango walowezi wa Marekani.

Lakini Ufaransa haikuwa imeikalia sehemu kubwa ya ardhi iliyoiuza. Huko waliishi Wasioux, Wacheyenne, Wapawnee, Waosage na mataifa mengine mengi, ambayo hayakuulizwa wala kulipwa. Kilichouzwa hasa ni nafasi ya kuwa dola pekee yenye haki ya kununua ardhi kutoka kwa wenyeji. Mwaka 1823 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifanya dhana hiyo kuwa sheria: wenyeji wana haki ya kukaa juu ya ardhi yao, lakini hawawezi kumwuzia mtu yeyote isipokuwa serikali ya Marekani. Katika soko lenye mnunuzi mmoja tu, tena mwenye jeshi, bei hupangwa na mnunuzi.

Mkataba, mnyororo na hati

Utaratibu wa kuibadili nchi ya wenyeji kuwa mashamba ya walowezi ulikuwa na hatua tatu.

Ya kwanza ilikuwa mkataba. Kati ya mwaka 1778 na 1871 Marekani iliidhinisha mikataba zaidi ya 360 na mataifa ya wenyeji. Kisheria hii ilikuwa mikataba kati ya dola na mataifa, na iliidhinishwa na Baraza la Seneti kama ile iliyofungwa na Uingereza au Uhispania. Kwa kawaida taifa la wenyeji liliachia sehemu ya ardhi yake, likabakiwa na eneo lililotengwa, na likaahidiwa fedha, chakula na ulinzi. Mingi ilitiwa saini chini ya shinikizo la njaa, deni au jeshi lililokaa karibu.

Ya pili ilikuwa upimaji. Kwa sheria ya mwaka 1785, ardhi ya umma iligawanywa katika miraba ya maili 6 kwa 6, na kila mraba ukakatwa vipande 36 vya ekari 640. Wapima ardhi walitembea wakiburuta mnyororo wenye urefu wa futi 66, wakifuata dira na kupuuza mto, kilima, kaburi au njia ya wanyama. Msafiri anayeruka kwa ndege juu ya Kansas au Nebraska leo bado anaiona miraba hiyo chini yake.

Ya tatu ilikuwa hati. Kipande kilichopimwa na kupewa namba kingeweza kuuzwa, kurithishwa au kuwekwa rehani kwa mtu ambaye hajawahi hata kukiona. Kumbukumbu ya waliokuwapo kabla haikuandikwa katika daftari hilo.

Wacherokee: walioshinda mahakamani wakashindwa uwanjani

Hakuna kisa kinachoonyesha nguvu na udhaifu wa karatasi kama kile cha Wacherokee wa kusini-mashariki. Katika miaka ya 1820 taifa hilo lilikuwa na maandishi ya lugha yake yaliyobuniwa na Sequoyah, gazeti lake, mashamba makubwa, na katiba iliyopitishwa mwaka 1827. Baadhi ya matajiri wao, kama majirani zao wazungu, walimiliki watumwa weusi.

Mambo hayo hayakuwaokoa. Jimbo la Georgia liliitaka ardhi yao, na dhahabu ilipogunduliwa humo tamaa ilizidi. Mwaka 1830, kwa msukumo wa Rais Andrew Jackson, Bunge lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji hadi ng'ambo ya mto Mississippi. Wacherokee walikwenda mahakamani, na mwaka 1832 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu ndani ya nchi yao. Georgia haikutii, na Jackson hakuilazimisha kutii.

Mwaka 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kisichokuwa na mamlaka ya taifa kilitia saini mkataba wa kuhama. Chifu mkuu John Ross alipeleka pingamizi lenye majina zaidi ya 15,000. Seneti iliuidhinisha mkataba huo kwa ziada ya kura moja tu juu ya kiwango kilichohitajika. Mwaka 1838 askari waliwatoa watu majumbani na kuwakusanya kambini, na misafara ikaelekea Oklahoma ya leo. Inakadiriwa kuwa watu 4,000 kati ya takriban 16,000 walikufa kwa maradhi, baridi na uchovu. Wachoctaw, Wacreek, Wachickasaw na Waseminole nao walihamishwa katika miaka hiyohiyo.

Mashamba yaliyoachwa Georgia, Alabama na Mississippi yalijaa pamba iliyolimwa na watumwa weusi. Hapa ndipo historia hiyo inapogusa pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na meli kutoka bandari ya Salem katika jimbo la Massachusetts zikawa zinatia nanga Unguja kutafuta pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Zilileta kitambaa cha pamba ambacho wenyeji wa pwani walikiita merikani, jina linalotumika hadi leo. Kilifumwa kaskazini mwa Marekani kwa pamba ya kusini, na misafara ya bara ilikitumia kama fedha hadi Tabora, Ujiji na kwingineko. Ardhi na jasho lililozalisha pamba hiyo havikuandikwa kwenye jora.

Safari ya kuelekea Pasifiki

Mwaka 1845 mhariri wa gazeti, John O'Sullivan, aliandika kwamba ni majaaliwa ya wazi ya Marekani kulienea bara zima kama ilivyokusudiwa na Mungu. Maneno hayo yaliipa siasa ya ardhi sura ya ibada. Mwaka huohuo Texas, iliyojitenga na Mexico mwaka 1836, iliingizwa katika Marekani, na mwaka 1846 vita na Mexico vikaanza. Kwa mkataba wa tarehe 2 Februari 1848, Mexico ilikabidhi California na sehemu kubwa ya kusini-magharibi, nayo ikalipwa dola milioni 15. Ukiihesabu Texas, Mexico ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya nchi yake.

Wakati huo misafara ya walowezi ilikwisha kuanza kwenda Oregon. Safari ilianzia Missouri na kuchukua miezi 4 hadi 6, umbali wa kilomita 3,200 hivi, kwa mikokoteni iliyofunikwa turubai na kukokotwa na maksai. Wengi walitembea kwa miguu, kwa kuwa mkokoteni ulijaa unga, nyama ya chumvi na zana. Filamu zimewazoesha watu kuamini kwamba hatari kubwa njiani ilikuwa mishale ya wenyeji. Kwa kweli walioangamia wengi waliuawa na kipindupindu, maradhi mengine, mito iliyofurika na ajali za mikokoteni na bunduki. Katika miaka ya mwanzo wenyeji mara nyingi waliwauzia wasafiri chakula na kuwavusha mito. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa walikuja na maradhi, wakamaliza malisho na kuni kando ya njia, na wengi wao hawakuwa na nia ya kuondoka.

Siku 9 kabla ya mkataba na Mexico kutiwa saini, dhahabu ilionekana katika kinu cha mbao cha John Sutter huko California. Katika miaka michache iliyofuata watu wapatao 300,000 walimiminika huko kutoka kila upande wa dunia, ikiwamo China, Chile na Australia. Kwa wenyeji wa California, ambao idadi yao ilikadiriwa kuwa 150,000 mwaka 1848, hiyo ilikuwa kama gharika. Waliuawa na vikosi vya wanamgambo vilivyolipwa na jimbo, na sheria ya mwaka 1850 iliruhusu watoto wao watumikishwe na wazungu. Kufikia mwaka 1870 walibaki takriban 30,000.

Hata karatasi waliyoahidiwa hawakuipata. Mwaka 1851 na 1852 maafisa wa serikali walifunga mikataba 18 na wenyeji wa California, wakiwatengea ardhi. Seneti ilikataa kuiidhinisha katika kikao cha siri, na nyaraka zikafungiwa hadi mwaka 1905.

Nani alifaidika na sheria ya 1862?

Sheria ya makazi haikuja peke yake. Mnamo Julai 1862 zilifuata mbili nyingine: ya kujenga reli hadi Pasifiki, na ya kuyapa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi. Makampuni ya reli yalipewa miraba ya ardhi kandokando ya njia zao, na kwa jumla yalipata zaidi ya ekari milioni 100. Reli kutoka mashariki na ile ya kutoka magharibi zilikutana Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Upande wa magharibi, maelfu ya vibarua kutoka China ndio waliotoboa miamba ya Sierra Nevada. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia wenzao kuingia nchini.

Kwa muda wote sheria ya makazi ilipotumika, zilitolewa hatimiliki zipatazo milioni 1.6 kwa ardhi ya ekari milioni 270, yaani karibu asilimia 10 ya eneo lote la Marekani. Miongoni mwa waliozipata walikuwamo wanawake wajane na wasioolewa, jambo lisilo la kawaida kwa zama hizo. Walikuwamo pia watu weusi waliokombolewa utumwani. Mwaka 1877 wahamiaji weusi kutoka Kentucky walianza kukaa mji wa Nicodemus huko Kansas, na mwaka 1879 maelfu wengine walikimbilia jimbo hilo wakiukwepa ukatili wa kusini. Kwao kipande cha ardhi chenye hati kilikuwa uthibitisho kwamba hawatarudi tena kuwa mali ya mtu.

Maisha yenyewe yalikuwa magumu. Katika nyanda zisizo na miti, familia zilijenga nyumba kwa matofali ya udongo uliokatwa pamoja na mizizi ya nyasi. Zilikoka moto kwa samadi iliyokauka, zikachimba visima virefu, na baada ya mwaka 1874 zikazungushia mashamba yao seng'enge. Ekari 160 zilizotosha mashariki kwenye mvua nyingi hazikutosha magharibi kwenye ukame. Wengi walishindwa kumaliza miaka 5, na walanguzi waliotumia majina ya watu wengine walijipatia vipande vizuri.

Nyati, treni na milima Myeusi

Reli ilipokata nyanda za kati, ilikata pia uhai wa mataifa yaliyomtegemea nyati wa Marekani kwa nyama, nguo na mahema. Wanyama hao walikuwa mamilioni mengi mwanzoni mwa karne. Wawindaji waliokuwa na bunduki za masafa marefu waliwaua kwa ajili ya ngozi zilizosafirishwa kwa treni hadi viwanda vya mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walibaki chini ya 1,000. Maafisa wa jeshi hawakuficha furaha yao, maana mtu asiye na chakula hulazimika kusalimu amri.

Vita navyo viliendelea. Tarehe 29 Novemba 1864 wanajeshi chini ya Kanali John Chivington walishambulia kijiji cha Wacheyenne na Waarapaho kando ya kijito cha Sand Creek, Colorado, na kuua watu zaidi ya 150, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Kijiji hicho kilikuwa kimepandisha bendera ya Marekani kikiamini kwamba kina amani na serikali.

Mwaka 1868, baada ya kushindwa kuwatiisha Wasioux vitani, serikali ilitia nao saini mkataba katika ngome ya Laramie. Mkataba huo uliwahakikishia milima Myeusi ya Dakota, ambayo kwao ni mahali patakatifu, na ukaeleza kwamba ardhi hiyo haitaachiwa mpaka robo tatu ya wanaume wazima wakubali. Mwaka 1874 msafara wa jeshi ulioongozwa na George Custer ulitangaza kuona dhahabu huko, na wachimbaji wakamiminika. Tarehe 25 Juni 1876 Wasioux na Wacheyenne walimwua Custer na kikosi chake kando ya mto Little Bighorn. Serikali ilijibu kwa majeshi zaidi na kwa kuwanyima chakula walioishi katika maeneo yaliyotengwa. Mwaka 1877 Bunge liliichukua milima hiyo kwa sheria, ingawa waliokubali walikuwa takriban asilimia 10 tu.

Hati ikawa silaha

Baada ya hapo serikali iliyageukia hata maeneo iliyoyatenga yenyewe. Sheria ya mwaka 1887 iliigawa ardhi ya pamoja ya wenyeji katika viwanja vya mtu mmojammoja, ekari 160 kwa kila mkuu wa familia. Kilichosalia kilihesabiwa kuwa ziada, kikauzwa kwa walowezi. Wanasiasa walisema umiliki binafsi utawastaarabisha wenyeji. Matokeo yake ni kwamba ardhi yao ilipungua kutoka ekari milioni 138 mwaka 1887 hadi milioni 48 mwaka 1934. Walowezi walitumia hati kulinda mali yao, ilhali kwa wenyeji hati hiyohiyo ilivunja umiliki wa jamii na kufungua njia ya kodi, deni na mnada.

Tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, watu wapatao 50,000 walikimbia kwa farasi, mikokoteni na miguu kugombania viwanja katikati ya Oklahoma, nchi ambayo wenyeji waliohamishwa waliahidiwa kuwa yao. Jioni ilipofika miji ilikuwa imezaliwa. Tarehe 29 Desemba 1890, huko Wounded Knee katika Dakota Kusini, wanajeshi waliua Walakota kati ya 150 na 300, wakiwamo wanawake na watoto. Idara ya sensa ilitangaza kwamba, kwa takwimu za mwaka huo, mstari wa mpaka wa makazi haukuwapo tena. Katika hesabu zake, nchi yenye watu chini ya wawili kwa maili ya mraba ilikuwa imechukuliwa kuwa haijakaliwa.

Kwa nini jambo hili halijaisha?

Mikataba ile ilivunjwa, lakini mingi haikufutwa, na mataifa ya wenyeji yamejifunza kuirejesha mezani. Mwezi Julai 2020, katika kesi ya McGirt dhidi ya Oklahoma, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Bunge halikuwahi kulifuta eneo la Wacreek lililowekwa kwa mkataba. Hivyo kwa makosa makubwa ya jinai yanayowahusu wenyeji, sehemu kubwa ya mashariki ya jimbo hilo, pamoja na eneo kubwa la jiji la Tulsa, ingali nchi ya wenyeji. Uamuzi huo haukumnyang'anya mtu nyumba wala shamba, lakini uliweka wazi kwamba ahadi ya karne ya 19 bado ni sheria.

Kesi ya milima Myeusi ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji 8 dhidi ya 1, kwamba milima hiyo ilichukuliwa bila malipo ya haki, na ikathibitisha fidia ambayo pamoja na riba ilizidi dola milioni 100. Wasioux wamekataa kuipokea, ingawa baadhi ya maeneo yao ni miongoni mwa yaliyo maskini kabisa nchini Marekani. Fedha hizo zimebaki katika hazina ya serikali zikizaa riba, na sasa zimepita dola bilioni moja. Wanasema kupokea malipo ni kukiri kwamba waliuza, nao hawakuuza. Wanachodai ni milima yenyewe.